Sheria ya Mataifa: Utaipata Wapi Ukiwa Kabuchai?

Huenda ukajiuliza sheria ya kimataifa inamhusu nini mwanafunzi wa shule ya kutwa anayefika darasani viatu vikiwa na tope la Chwele. Jibu liko juu ya mlima. Asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama hapa Kabuchai na kuangalia kaskazini, unauona Mlima Elgon wote. Huko juu, mahali paitwapo Chepkitale, kuna jamii ya Ogiek. Kuhusu haki za watu kama hao yameandikwa makaratasi mengi Nairobi, Arusha na hata papa hapa Bungoma, na makaratasi hayo yako wazi kwa kila mtu.

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mdahalo juu ya watu wanaoishi misituni, kama waondolewe au la. Msemaji wa upande mmoja alisema ati mahakama ya Arusha ilikwisha kuwapa Ogiek ardhi yao. Wa upande wa pili akamkata kauli kwamba kesi hiyo ilikuwa ya Mau, haituhusu sisi wa Elgon. Ndipo msichana wa Kidato cha Pili, ambaye babu yake yu Chepkitale, akainuka na kusema kuna hukumu nyingine iliyotolewa Bungoma. Walimcheka. Hakuna aliyekuwa na karatasi mkononi, kwa hivyo aliyekuwa na sauti kubwa ndiye aliyeshinda. Mwalimu mlezi wa chama aliniagiza nizitafute hizo hukumu, kisha niwaeleze wenzangu njia niliyopitia. Nami natimiza.

Kwanza kabisa, ujue unatafuta nini. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, Uholanzi, ina sheria yake ya kuiunda, na Kifungu cha 38 cha sheria hiyo kinataja mahali sheria ya mataifa inapotoka: mikataba, desturi za mataifa, na kanuni za jumla zinazokubaliwa na mataifa. Halafu hukumu za mahakama na maandishi ya mabingwa huja kama msaada. Ukishika hayo, hutapotea. Kila unachokiokota maktabani au kwenye intaneti utakiuliza: wewe ni mkataba, ni hukumu, au ni maoni ya mtu tu?

Juu ya mikataba, watu huchanganya kutia saini na kuridhia. Kutia saini ni kama kuposa. Kuridhia ni ng'ombe kufika bomani. Posa peke yake haijamfanya msichana kuwa mke. Kwa hivyo haitoshi kusoma kwamba nchi fulani ilitia saini mkataba. Tafuta tarehe ya kuridhia. Umoja wa Mataifa una tovuti ya mikataba yake inayoonyesha, kwa kila mkataba, nchi na tarehe zake zote mbili. Nao Umoja wa Afrika huweka orodha za namna hiyo kwa mikataba yake wenyewe. Desturi nayo si kitu kigeni kwetu. Sisi Wabukusu hupasha tohara Agosti ya mwaka wa shufwa, na hakuna aliyesubiri Bunge liandike. Inafanywa, na kila mtu anajua ni lazima ifanywe. Desturi ya mataifa huthibitishwa vivyo hivyo, kwa vitendo vya nchi pamoja na imani kwamba vitendo hivyo ni wajibu.

Kitabu cha kwanza cha kufungua ni Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 2(5) chasema kanuni za jumla za sheria ya kimataifa ni sehemu ya sheria za Kenya, na 2(6) chasema mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Yaani mambo ya Arusha na Geneva yameingia hadi ndani ya mahakama zetu. Tena Kifungu cha 63, kinachozungumzia ardhi ya jamii, kinataja waziwazi ardhi ya mababu na ardhi za jamii za wawindaji na wakusanyaji. Nimeona wanafunzi wakikimbilia vitabu vya Ulaya kabla ya kusoma kurasa hizo. Hiyo ni kuruka kisima ukaenda kuteka maji mtoni.

Sasa maktaba. Maktaba za Huduma za Taifa hupanga vitabu kwa nambari, na nambari ya kukumbuka ni 341, ndiyo sheria ya mataifa. 340 ni sheria kwa jumla. Usitembee kando ya rafu zote ukishangaa, mwambie mtunza maktaba nambari hiyo. Vyuo vikuu vingi hutumia herufi badala ya nambari: K ni sheria, na KZ ni sheria ya mataifa. Karibu nasi kuna Chuo Kikuu cha Kibabii pale Bungoma. Hicho si chuo cha mawakili, lakini maktaba ya chuo ni maktaba ya chuo. Anayetaka rafu za mawakili wenyewe aelekee Eldoret, kwenye Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Moi. Usifunge safari kabla ya kuuliza kama utaruhusiwa, na ubebe barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri, maana sare ya shule peke yake haifungui mlango.

Ukipata kitabu, angalia mwaka kilipopigwa chapa kabla hujaangalia kitu kingine. Vitabu vya sheria huzeeka. Cha kabla ya 2010 kitakueleza Katiba ambayo haipo tena. Cha kabla ya 2002 kitasema habari za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ilhali mwaka huo Umoja wa Afrika ulichukua mahali pake. Si kwamba hakifai, ila usikinukuu kana kwamba ni cha jana.

Naam, tuje kwenye Ogiek wenyewe. Ukiingia kwa saiba ukaandika "Ogiek" peke yake, utaletewa magazeti na picha za wazee wakivuna asali. Hukumu itajificha, kwa sababu kesi ile haikuandikwa kwa jina la Ogiek. Jina lake ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu dhidi ya Jamhuri ya Kenya, ombi nambari 006/2012. Kwa nini Tume ndiyo mlalamikaji? Hapa ndipo pana utamu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, haimpokei mtu binafsi moja kwa moja mpaka nchi yake iwe imetoa tamko maalumu la kukubali hivyo. Kenya iliridhia itifaki ya mahakama hiyo bila kutoa tamko hilo. Kwa hivyo malalamiko yalipelekwa kwanza kwa Tume mwaka 2009, baada ya ilani ya siku 30 ya kuwataka watoke msitu wa Mau, na Tume ndiyo iliyoyafikisha mahakamani mwaka 2012. Kumbe basi ukitaka kesi yoyote, tafuta majina ya wenye kesi na nambari yake. Nambari haina mchezo. Iandike katika alama za kunukuu na mashine itakuletea faili lenyewe.

Hukumu ni ndefu, nawe una bando la shilingi 20. Anza mwishoni. Huko ndiko mahakama hutamka maamuzi yake moja baada ya jingine. Hukumu hiyo ya tarehe 26 Mei 2017 ilisema Kenya ilivunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu katika vifungu vya 1, 2, 8, 14, 17, 21 na 22, yaani pamoja na haki ya dini, ya mali, ya utamaduni na ya maendeleo. Lakini juu ya Kifungu cha 4, haki ya uhai, mahakama haikukubaliana na Tume. Hilo hutalisikia redioni. Mkataba wenyewe, ambao ni rahisi kuupata, ulipitishwa Nairobi tarehe 27 Juni 1981 na Kenya ikajiunga nao mwaka 1992. Una vifungu 68 na ni mfupi kuliko unavyodhani. Tarehe 23 Juni 2022 ilifuata hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa machungu yaliyowapata.

Kisha rudi mwanzoni. Aya za mwanzo zinasema kesi inawahusu Ogiek wa Msitu wa Mau: jamii ina watu kama 20,000, na kama 15,000 kati yao wako Mau. Kwa hiyo yule aliyesema kesi ya Arusha ni ya Mau alikuwa na haki yake. Lakini asifurahi mapema, nitamrudia.

Chini ya kurasa za hukumu kuna maandishi madogo madogo ambayo wengi huyaruka. Wahenga walinena, fuata nyuki ule asali, na nyuki wa utafiti ni hayo maandishi. Kesi hutaja kesi zilizoitangulia. Nilivyofuata nilifika kwa Waendorois wa Ziwa Bogoria, malalamiko nambari 276/2003, ambayo Tume iliyaamua kwa faida yao na uamuzi ukatangazwa mwaka 2010. Ukisoma hizo mbili, utaona jinsi hoja ya ardhi ya mababu ilivyojengwa tofali kwa tofali. Ukitaka kunukuu, taja nambari ya aya, si ukurasa, kwa maana kurasa hubadilika faili likichapwa upya.

Sasa Bungoma. Hukumu za mahakama zetu hutolewa bure na Baraza la Taifa la Uchapishaji wa Sheria, katika tovuti ya Kenya Law. Andika "Chepkitale" na mahakama ya ardhi, uchague Bungoma. Utakuta kwamba mnamo Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa Bungoma iliwapa ushindi Ogiek wa Mlima Elgon, katika kesi kuhusu ardhi yao ya Chepkitale iliyofanywa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Msichana wa Kidato cha Pili alikuwa akisema kweli, tena kweli tupu. Kesi mbili, misitu miwili, mahakama mbili, na zote zipo. Ule mchanganyiko wa herufi unaouona kwenye hukumu, KEELC, usikutishe: KE ni Kenya, ELC ni mahakama ya mazingira na ardhi. Mwaka hutangulia kwenye mabano ya mraba na nambari hufuata. Ukiona KEHC, hiyo ni Mahakama Kuu.

Kwa anayependa bahari kuliko msitu, tovuti ya mahakama ya The Hague ina kesi ya Somalia na Kenya juu ya mpaka wa Bahari ya Hindi, iliyofunguliwa mwaka 2014 na kuamuliwa tarehe 12 Oktoba 2021. Mle mna ramani, hoja za pande zote mbili, na maneno waliyoyasema mawakili neno kwa neno, kwa Kiingereza na Kifaransa. Lo! Kifaransa kilinishinda.

Tahadhari moja kubwa. Siku hizi wako wanaouliza programu za kompyuta zinazojibu kama mtu. Mwaka 2023 huko New York, mawakili walipeleka mahakamani kesi walizopewa na programu ya ChatGPT, na kesi hizo hazikuwepo duniani. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Hao walikuwa mawakili, sembuse sisi wa mdahalo? Jina la kesi ukilipewa na yeyote, awe mashine, awe mwalimu, awe mjomba aliyefika Kitale jana, liingize kwenye tovuti ya mahakama yenyewe. Lisipoonekana huko, lisitamkwe ukumbini.

Kuhusu gharama, saiba niliyokwenda ilinitoza shilingi 10 kwa kila ukurasa, na mtu akichapa hukumu nzima atarudi nyumbani kwa miguu. Chapa kurasa za maamuzi tu, faili lenyewe ulihifadhi kwenye simu au kidude cha kuhifadhia. Lugha nayo ni kikwazo. Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu ya tarehe 10 Desemba 1948 iko kwa Kiswahili kizuri katika tovuti ya Umoja wa Mataifa, lakini hukumu nilizozisoma zilikuwa za Kiingereza, na hili linaniuma, kwa kuwa yule babu wa Chepkitale hataisoma hukumu iliyompa haki yake. Nimeanza kutafsiri maamuzi ya Bungoma. Nimekwama kwenye maneno mawili matatu ya mawakili ambayo hata kamusi ya maktaba yetu haina.

Nakala nilizochapa zimo kwenye faili la buluu katika kabati la chama: maamuzi ya Arusha ya 2017 na ya 2022, na yale ya Bungoma. Mwalimu mlezi ana ufunguo. Andika jina lako daftarini unapozichukua, na tafadhali usizikunje.