Mjukuu wa Tajiri wa Mafuta na Mlango wa Jela ya Attica

Katika mabaraza yetu, hasa siku za uchaguzi zinapokaribia, husikika hoja moja ambayo wengi huipokea bila ya kuipima. Husemwa: mpeni cheo mtu tajiri, kwani yeye amekwisha kushiba na hana haja ya kula mali ya umma, maskini mkimpa, atalijaza kwanza tumbo lake. Vijana wetu nao wameishika hoja hii, na si mara moja wametuuliza kama si kweli. Sisi tumeona kuwa badala ya kuwajibu kwa maneno matupu, heri tumtazame mtu mmoja aliyekuwa na mali kupita takriban wote waliopata kugombea cheo katika nchi yake, tuone shibe yake ilimfikisha wapi.

Mtu huyo ni Nelson Rockefeller wa Marekani. Alizaliwa tarehe 8 Julai 1908, tarehe na mwezi ule ule aliozaliwa babu yake, John D. Rockefeller, mwaka 1839. Babu huyo ndiye aliyeianzisha kampuni ya Standard Oil mwaka 1870, nayo haikuchukua miaka mingi ila ikashika kiasi cha sehemu tisa katika kumi za kazi yote ya kusafisha mafuta ya taa nchini Marekani. Aliwavunja washindani wake kwa kupatana kwa siri na wenye reli, shehena zake zichukuliwe kwa bei nafuu na zao kwa bei ghali. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya nchi iliamuru kampuni ile ivunjwe, ikawa vipande 34. Kimoja katika vipande hivyo, Standard Oil ya California, ndicho kilichopata mwaka 1933 idhini ya kutafuta mafuta katika ardhi ya Saudi Arabia, na wazee wetu wa Afrika Mashariki waliokuwa na motokaa walinunua petroli ya Caltex, kampuni ambayo nusu yake ilikuwa mali ya hicho hicho. Kwa hiyo jamaa hii si ya mbali nasi kama inavyodhaniwa.

Mzee huyu, ambaye alikuwa Mkristo mshika dini, alitoa sehemu ya mapato yake kwa kanisa tangu alipokuwa karani mdogo, na mwishoni alitoa mamilioni kwa shule na hospitali. Wajukuu nao walilelewa kwa nidhamu: kila mmoja alipewa senti chache kwa wiki pamoja na daftari ya hesabu, na alitakiwa aitoe sehemu ya kumi kwa maskini, aweke akiba sehemu ya kumi, na aeleze kila senti iliyobaki imekwenda wapi. Malezi haya tunayasifu, na wazazi wengi miongoni mwetu wenye mali chache kuliko hiyo hawayafanyi.

Lakini liko tukio moja katika nyumba ile ambalo lataka kukumbukwa, kwa kuwa tutalirudia. Mwaka 1914 wachimba makaa wa Colorado walikuwa katika mgomo. Kampuni yao ilikuwa mikononi mwa baba yake Nelson, John D. Rockefeller mdogo, kwa wingi wa hisa zake. Tarehe 20 Aprili askari waliishambulia kambi ya mahema ya wagomaji mahali paitwapo Ludlow, mahema yakateketea kwa moto, na watoto 11 pamoja na wanawake wawili wakafa katika shimo walimojificha. Nchi nzima ilimlaani Rockefeller. Mwaka uliofuata alifunga safari, akaenda Colorado mwenyewe, akaingia machimboni, akala na wafanyakazi wake na kuwasikiliza. Wako waliosema alikwenda kwa hila, ili kusafisha jina. Huenda. Lakini alikwenda.

Nelson hakupenda kukaa ofisini kuhesabu faida. Alipenda utawala. Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 32, Rais Roosevelt alimpa kazi ya kusimamia mambo ya nchi za Amerika ya Kusini, naye baadaye akawatumikia Truman na Eisenhower. Mwaka 1946, Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukitafuta makao, ni yeye aliyemshawishi baba yake atoe dola milioni 8.5 za kununulia uwanja ule ulio kando ya mto mjini New York, ambapo jumba la Umoja huo limesimama hata leo.

Mwaka 1958 aligombea ugavana wa jimbo la New York. Mpinzani wake, Averell Harriman, naye alikuwa mrithi wa tajiri mkubwa, tajiri wa reli; basi wananchi waliletewa mamilionea wawili wachague mmoja. Nelson alishinda kwa zaidi ya kura laki tano. Watu walimpenda. Alitembea masokoni, akala vyakula vya kila kabila njiani, akamkumbatia mchuuzi na kumwita ndugu. Akachaguliwa tena mwaka 1962, 1966 na 1970, akakaa katika cheo hicho miaka kumi na mitano.

Hatuwezi kusema kwamba alikuwa gavana mbaya. Chuo kikuu cha jimbo alikikuta na wanafunzi kiasi cha 38,000, akakiacha na zaidi ya 200,000. Mwaka 1963, watoto walipojazwa magerezani mjini Birmingham kwa kumfuata Martin Luther King, wakili wa King, Clarence Jones, aliitwa katika benki ya jamaa hii akakabidhiwa dola 100,000 taslimu za kuwawekea dhamana, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye. Na msomaji alishike jina la wakili huyu. Kwa upande wa pili, majumba ya serikali aliyoyajenga Albany yaliwahamisha maelfu ya watu wa hali ya chini kutoka mtaa wao, na gharama zake zikapanda mara nyingi kuliko zilivyokadiriwa. Aliyezoea kujenga kwa mali isiyokwisha huona tabu kukumbuka kwamba hazina ya umma ina mwisho.

Urais aliutaka mara tatu, 1960, 1964 na 1968, na mara zote chama chake cha Republican kilimkataa. Mwaka 1962 alimwacha mkewe wa miaka thelathini, na mwaka 1963 akamwoa mwanamke aliyekuwa ndiyo kwanza ameachana na mumewe, mama wa watoto wanne. Wamarekani wengi hawakumsamehe. Katika mkutano wa chama mjini San Francisco mwaka 1964 alizomewa jukwaani na wajumbe wa chama chake mwenyewe.

Kabla ya hapo alikuwa amepatwa na msiba. Novemba 1961 mwanawe Michael, kijana wa miaka 23, alipotea katika pwani ya New Guinea alikokwenda kukusanya sanamu za wenyeji. Gavana aliacha kazi zote, akaruka kwa ndege hadi upande wa pili wa dunia, akamtafuta katika mito na mikoko. Hakumwona, wala hakuonekana tena. Hakuna mzazi atakayelisoma jambo hili bila ya kumhurumia.

Sasa twafika Attica.

Jela ya Attica imo magharibi ya jimbo la New York, karibu na mji wa Buffalo. Mwaka 1971 ilikuwa na wafungwa zaidi ya 2,200, zaidi ya nusu yao watu weusi, na walinzi karibu wote weupe. Mfungwa alioga mara moja kwa wiki. Wafungwa Waislamu walilalamika kwamba chakula kilikuwa kikitiwa nguruwe, na malalamiko yao hayakuwa mapya: tangu miaka ya mwanzo ya 1960 walikuwa wameishitaki jela mahakamani ili wapate kuabudu pamoja na kuonana na walimu wao, na Malcolm X alikwenda Buffalo mwaka 1962 kuwatolea ushahidi. Ni Malcolm huyo huyo aliyefika Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1964.

Wengi wa Waislamu hao walikuwa wafuasi wa Elijah Muhammad, na itikadi yao ya wakati ule ilihitilafiana na Uislamu katika mambo ya msingi. Hilo twalijua. Twajua vilevile kwamba baada ya mwaka 1975 wengi wa jamaa hiyo waliongozwa na Warith Deen Mohammed, mwana wa Elijah, wakaingia katika sala na saumu kama tunavyosali na kufunga sisi.

Asubuhi ya tarehe 9 Septemba 1971 wafungwa waliasi. Wapatao 1,300 waliushika uwanja mmoja, wakiwa na mateka zaidi ya 40. Saa za mwanzo zilikuwa za ukatili: mlinzi mmoja alipigwa kichwani, akafa siku mbili baadaye, na katika siku zile za uasi wafungwa watatu waliuawa na wenzao. Ndipo Waislamu walipojitokeza. Waliwazunguka mateka kama ukuta, wakawalinda usiku na mchana wasiguswe na mtu. Mateka waliosalimika walilishuhudia jambo hilo. Mmoja wa viongozi wa Waislamu hao, Richard X Clark, aliandika habari zake baadaye katika kitabu.

Mazungumzo yalianza. Wafungwa walitaka uhuru wa ibada, chakula safi, matibabu, na ujira wa haki kwa kazi zao, na mkuu wa magereza, Russell Oswald, alikubali mambo 28. Lililowashinda ni msamaha: wafungwa waliogopa kwamba baada ya kifo cha yule mlinzi wangeshitakiwa wote kwa kuua. Waliitwa watu wa nje wawe mashahidi na wasuluhishi, na miongoni mwao alikuwa Clarence Jones, yule yule aliyepokea fedha za dhamana mwaka 1963. Jumapili tarehe 12 wasuluhishi walimpigia simu gavana nyumbani kwake. Walimsihi aje. Hawakumtaka aingie uwanjani wala asaini kitu. Walimtaka awe karibu tu, asikilize, pengine damu isimwagike. Oswald naye alimwomba. Gavana alikataa.

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema hana uwezo wa kutoa msamaha huo, na kwamba akienda leo Attica, kesho kila mfungwa mwenye kisu atamwita gavana. Mtawala yeyote angeweza kuyasema hayo. Lakini sisi tuliolelewa kwa habari za Sayyidna Umar, aliyetembea usiku katika vichochoro vya Madina kuzijua shida za raia, akabeba gunia la unga mgongoni mwake mwenyewe kwa ajili ya watoto wenye njaa, twashindwa kuipokea hoja hiyo. Mtu huyu alivuka bahari kumtafuta mwanawe mmoja. Baba yake alikwenda Colorado. Ndege alikuwa nazo, na Attica ilikuwa ndani ya jimbo lake.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 13, mvua ikinyesha, helikopta ilimwaga moshi wa kutoa machozi, kisha polisi wakafyatua risasi kwa muda wa dakika sita hivi. Walikufa wafungwa 29 na mateka 10. Watu wa serikali walitangaza kwamba mateka walichinjwa na wafungwa, magazeti yakayaandika hayo. Siku ya pili daktari aliyezipima maiti alisema kweli: wote walikufa kwa risasi, na wafungwa hawakuwa na bunduki hata moja. Waliobaki hai walivuliwa nguo, wakatambazwa matopeni na kupigwa. Jumla ya waliokufa katika siku zile ni 43. Rais Nixon alimpongeza gavana kwa simu.

Miezi tisa tu kabla ya hapo ndugu yake Nelson, Winthrop Rockefeller, alikuwa akiondoka katika ugavana wa jimbo la Arkansas. Kabla ya kuondoka aliwaondolea adhabu ya kifo watu wote 15 waliokuwa wakingojea kuuawa katika jela ya jimbo lake. Ni nyumba moja, na urithi mmoja.

Nelson hakuanguka kwa sababu ya Attica. Mwaka 1973 alitia saini sheria kali za madawa ya kulevya ambazo ziliwafunga maelfu, wengi wao maskini, na jimbo halikuzilegeza sana mpaka mwaka 2009. Mwaka 1974 Rais Ford alimteua awe makamu wake. Kongresi ilipoichunguza mali yake ilionekana kuwa, pamoja na iliyowekwa kwa wadhamini, inapita dola milioni 200. Vilevile ikajulikana kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiwapa watumishi wake wa serikali zawadi na mikopo ambayo baadaye aliisamehe. Mmoja alisamehewa zaidi ya dola 500,000, na Henry Kissinger alipewa 50,000 mwaka 1969. Hata kitabu cha kumchafua mpinzani wake wa mwaka 1970, Arthur Goldberg, kilikuwa kimelipiwa kwa fedha za nduguye Laurance, na Nelson ikambidi aombe radhi.

Hapa ndipo ile hoja ya barazani inapovunjika. Twaijua habari ya yule mkusanya zaka aliyerejea Madina akatenga sehemu akidai ni zawadi yake, na ghadhabu ya Mtume (s.a.w.) juu yake. Yule alikuwa mpokeaji, huyu alikuwa mtoaji. Hakuiba hata senti. Lakini mtumishi aliyesamehewa deni la laki tano na bwana wake, siku bwana huyo anapokataa kwenda Attica, nani atasimama amwambie kwamba amekosea?

Aliapishwa tarehe 19 Desemba 1974. Mwaka uliofuata, chama kilipoonyesha hakimtaki, alitangaza kwamba hatagombea tena, na Januari 1977 akaondoka madarakani. Alikufa tarehe 26 Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 70.

Wafungwa wa Attica walikuwa wamefungua kesi yao mwaka 1974, mwaka ule ule yeye alipohojiwa na Kongresi juu ya mali yake. Kesi hiyo ilikwisha mwaka 2000, jimbo la New York lilipokubali kuwalipa dola milioni 8, na mawakili wao milioni 4. Jamaa za walinzi na watumishi wa jela waliouawa walingojea mpaka mwaka 2005, nao wakapewa milioni 12. Fedha zote hizo zilitoka katika hazina ya umma.