Mwenye Bonsai Akisafiri

Januari, jua likiwaka Membley, Ruiru, chungu cha bonsai (mti unaokuzwa ukiwa mdogo chunguni) chenye kina cha sentimita 5 huweza kukauka kwa siku moja. Ndiyo maana mwenyewe akisafiri, funguo za geti huachiwa rafiki wa kuaminika.

Kila asubuhi rafiki huchomeka kidole udongoni, sentimita 2 hivi. Ukiwa mkavu, humwagilia polepole mpaka maji yachuruzike kwenye matundu ya chini. Ukiwa na unyevu, huuacha. Maji yakituama, mizizi huoza.

Mkasi haugusi. Mbolea husubiri. Bonsai yenyewe, mugumo mdogo, hubaki nje, penye mwanga.

Kuna bonsai iliyoachiwa wengine kabisa: msonobari wa ukoo wa Yamaki wa Japani, uliotunzwa tangu 1625, ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Ulikabidhiwa Marekani mwaka 1976, na sasa watunzaji wa Washington ndio wanaoumwagilia.