USAFIRI WA MJINI NA AMANI: FUNZO KUTOKA MEDELLÍN



Katika mikutano yetu na familia zilizohama makwao, swali moja linarudi kila mara: kazi iko katikati ya mji, nauli ya pikipiki itatoka wapi? Anayelala mbali na soko, hospitali na ofisi za serikali amefungiwa nje ya mji, hata kama hakuna ukuta.

Wenzetu wa Kolombia wanalijua swali hili. Huko vita viliwafukuza mamilioni ya watu kutoka vijijini. Wengi walikimbilia Medellín, wakajijengea nyumba kwenye miteremko ya milima. Mwaka 1995 treni ya mjini ilianza kupita bondeni, lakini wao walibaki juu. Mwaka 2004 ikaongezwa Metrocable: vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, kutoka stesheni ya treni ya Acevedo hadi mtaa wa Santo Domingo. Abiria akashuka mlimani na kuingia kwenye treni bila kulipa nauli ya pili.

Je, usafiri peke yake ulitosha?

Hapana. Mji ulijenga pia ngazi, njia za miguu, madaraja na shule. Kando ya kijito cha Juan Bobo, familia zilijengewa nyumba bora palepale, hazikufukuzwa tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mauaji yalipungua zaidi katika mitaa iliyopata kazi hizo kuliko katika mitaa mingine iliyofanana nayo.

Hata hivyo, si wote walionufaika sawa. Anayeishi mbali na stesheni bado anapanda ngazi nyingi. Mlemavu na mzee huishia njiani. Na asiye na kazi ya kila siku, hata nauli moja ni nzito kwake.

Kwetu Goma na Bukavu hakuna treni ya mjini. Lakini barabara na vituo vya basi hupangwa. Viongozi, mradi ukija, tuulize pamoja:

- Nauli itakuwa ngapi?
- Mama mwenye mzigo, mzee na mlemavu watafikaje kituoni?
- Nyumba za nani zitabomolewa, na watapewa wapi?
- Je, wenyeji na waliohama wameketi meza moja?

Swali la mwisho tusilisahau. Njia ikiwasaidia wageni tu, wenyeji watanung'unika. Ikiwasaidia wenyeji tu, wageni watabaki pembeni. Njia ya wote hupunguza ugomvi.