Anayewanyanyua Wengine Naye Huchoka
Msongo wa kazi kwa wataalamu wa fiziotherapia



Tunapozungumza juu ya huduma za afya, mara nyingi tunataja majengo, dawa na magari. Mtumishi mwenyewe tunamtaja mara chache. Katika toleo hili tunapenda kueleza msongo wa kazi unaowapata wataalamu wa fiziotherapia, yaani wale wanaotibu kwa mazoezi ya viungo, na kwa nini jambo hili linawahusu watu wa Kinyala na Rungwe kwa jumla.

Kazi yao ni ipi?

Fiziotherapia ni tiba ya mikono, mazoezi na subira. Mzee aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi hufundishwa upya kuketi, kusimama na kutembea. Kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda hunyooshwa goti lililokakamaa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo husaidiwa kushika kichwa na kukaa, na msaada huo huendelea kwa miaka.

Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa na miguu kifundo, ambayo nyayo zake zimepinda kuelekea ndani. Kwa njia ya Ponseti hufungwa plasta mpya kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Wengi hufanyiwa pia upasuaji mdogo wa kano ya kisigino. Kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma saa 23 kwa siku kwa muda wa miezi 3, na baadaye wakati wa kulala hadi afikishe miaka 4 hivi. Wiki zikirukwa au viatu vikiachwa, mguu huweza kupinda tena. Hivyo tiba hii hutegemea mtumishi ambaye yupo wiki hii, na wiki ijayo pia.

Msongo huu unatoka wapi?

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba kazi humwumiza mtu hasa pale mambo mawili yanapokutana: mzigo ni mkubwa, na mfanyakazi hana uwezo wa kuamua aufanyeje. Watafiti waliofuata waliongeza jambo la tatu, yaani kukosa wa kumsaidia. Mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilayani huweza kuyapata yote matatu.

Kwanza, wao ni wachache. Shirika la Afya Duniani linasema katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Hapa Tanzania, chuo cha KCMC kule Moshi kimefundisha taaluma hii tangu miaka ya 1970, lakini mahitaji bado ni makubwa.

Pili, kazi yenyewe ni nzito. Kumwinua mtu mzima kutoka kitandani, kuinama na kukandamiza kwa vidole gumba kutwa nzima huleta maumivu ya mgongo, mabega na mikono. Anayetibu migongo ya wengine naye huumwa mgongo.

Tatu, kuna majonzi. Mgonjwa wa kiharusi huuliza kila siku, "Nitatembea lini?" na pengine jibu si lile analolitaka. Wengine huacha mazoezi kabla ya kupona. Hapa kwetu milima, utelezi wa masika na nauli ya kwenda Tukuyu au hospitali ya Igogwe huwarudisha wengi nyumbani. Mtumishi huiona kazi yake ikipotea njiani.

Tutaitambuaje hali hii?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu wa kazi kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa, wala si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha kabisa, moyo kujitenga na kazi, hata mtu akawaona wagonjwa kama usumbufu, na kujiona hafanyi lolote la maana.

Basi tukimwona mtumishi aliyekuwa mpole ameanza kuwa mkali, tusiharakishe kusema kuwa hana wito. Tuulize kwanza anahudumia wangapi, na alipumzika lini. Akiondoka bila mwingine wa kushika nafasi, wagonjwa wake watalazimika kwenda Mbeya, karibu kilomita 70 kutoka Tukuyu. Mama wa mtoto mwenye plasta hawezi kumudu safari hiyo kila wiki.

Tufanye nini?

Kamati za parokia zinaweza kuchagua watu wa kujitolea, wafundishwe na mtaalamu mazoezi mepesi ya kusimamia nyumbani. Zinaweza kuwakumbusha wagonjwa siku zao za kliniki, ili wasifike wote siku moja, na kuchangia nauli ya wasiojiweza. Fundi wa kijijini, akipewa vipimo, anaweza kutengeneza vyuma sambamba vya kujifunzia kutembea.

Wafadhili nao, wanapotoa vifaa, tunaomba wafikirie vile vinavyopunguza kuinua, kama kitanda kinachopanda na kushuka. Vilevile watenge fungu la kumlipa mtumishi wa kushika nafasi wakati wa likizo, na la kuwakutanisha wataalamu wa hospitali za jirani wabadilishane mawazo. Fungu hilo halina jiwe la msingi la kuzindua, lakini ndilo linalomfanya mtumishi abaki kazini.

Uongozi wa hospitali usikilize pia. Mtaalamu aruhusiwe kupanga idadi ya wagonjwa wa siku na kupata likizo yake kwa wakati. Kumwambia apumzike huku foleni ni ileile hakumsaidii.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tunaomba kila kamati iliweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho, na imwalike mtaalamu mwenyewe aeleze hali ya kazi yake.