Istilahi za Uvuvi wa Upinde: Upote si Mshipi

Uvuvi wa upinde ni uvuvi wa kumpiga samaki kwa mshale uliofungwa uzi, kisha kumvuta kwa uzi huo. Siku hizi mchezo huu umeenea hasa Marekani, ambako huwindwa zaidi karpu, samaki waliopelekwa huko katika karne ya 19. Mtafsiri wa maelezo ya vifaa vyake huvutwa upesi na neno “kamba”, akalitumia kwa vitu viwili visivyofanana. Kosa hilo si la lugha tu. Laweza kumgharimu mtu jicho.

Kitu cha kwanza ni kamba inayounganisha ncha mbili za upinde. Kiswahili kina jina lake la asili, nalo ni upote. Cha pili ni uzi unaofungwa kwenye mshale, nao wavuvi wetu wa pwani wana neno lake tayari: mshipi. Maelezo yasemayo “kamba isiguse kamba” hayamfai mtu. Yakisema “mshipi usiguse upote”, maana ni wazi, kwani mshipi ukinaswa na upote wakati wa kufyatua, mshale huweza kurudi nyuma kwa nguvu na kumpiga mvuvi mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, mshipi haufai kufungwa moja kwa moja nyuma ya wano, yaani ufito wa mshale. Hufungwa kwenye pete ndogo inayoteleza juu ya wano. Mvuvi anapovuta upinde, pete hiyo hukaa mbele, mshipi ukawa mbali na upote. Mshale ukiondoka, huteleza hadi nyuma. Tunapendekeza iitwe kitelezi.

Tukija kwenye upinde wenyewe, aina mbili zahitaji kutofautishwa. Ya kwanza ni upinde ambao ncha zake zimepinda kumwelekea samaki. Huu tunauita upinde wa ncha mbele. Ni mwepesi na hauna vipuri vingi vya kuharibika. Ya pili ni ule wenye magurudumu nchani, uliobuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen, aliyepewa hataza mwaka 1969. Mabaharia wetu hulijua gurudumu la kupitishia kamba kwa jina la kapi. Basi huu na uwe upinde wa kapi.

Kapi humpunguzia mvutaji mzigo anapofika mwisho wa kuvuta. Punguzo hilo tunaliita nafuu ya mvuto. Mwindaji wa nchi kavu hupenda nafuu kubwa, maana hushikilia upinde huku akilenga. Mvuvi hufyatua papo hapo, pengine kabla ya kuvuta hadi mwisho. Hivyo humfaa upinde wenye nafuu ndogo au usio nayo kabisa. Uzito wa mvuto unaochaguliwa na wengi ni kati ya ratili 30 na 50, yaani kilo 14 hadi 23 hivi. Anayejifunza na aanzie chini, kwa kuwa mishale hutupwa mingi na mkono huchoka.

Mshale wa kuvulia ni mzito, na kwa kawaida hauna manyoya, kwani masafa ni mafupi. Kigumba chake kina miba ya kumzuia samaki asichomoke. Kilicho bora ni kile ambacho miba yake huweza kugeuzwa ili samaki atolewe kwa urahisi.

Limebaki jambo la kulenga. Nuru hupinda inapotoka majini, na samaki huonekana yu juu kuliko alipo. Aliye kina cha mita 1, akitazamwa wima, huonekana kama yuko sentimita 75. Hivyo mvuvi hulenga chini ya anachokiona.

Wasomaji wataona kwamba upote, wano na kigumba vimetoka kwa wapiga mishale, mshipi kwa wavuvi, na kapi kwa mabaharia. Ni kitelezi na majina machache ya maelezo tu yaliyobidi kuundwa. Hatuna budi kuzitafuta kwanza ghala zetu kabla ya kwenda kukopa. Wenye maneno yaliyo bora kuliko haya tunawaomba wasisite kutuletea.