Kiungo cha Bomba la Injini ya Ndege Hakichaguliwi kwa Macho

Cessna 172, ndege ambayo wanafunzi wengi wa urubani hapa Afrika Mashariki hujifunzia, hubeba katika injini yake lita saba na nusu hivi za oili. Oili hiyo huzunguka. Hupita kwenye mabomba na hozi kwenda kwenye kipoozeo na kwenye geji ya shinikizo, huku petroli ikishuka kutoka mabawani hadi kwenye injini. Kila mahali bomba linapoanzia na linapoishia pana kiungo kinachofungwa kwa nati. Kiungo hicho kikianza kuvuja, fundi hujiuliza kipi akiweke badala yake. Jibu liko kwenye kitabu cha vipuri cha mtengenezaji, katika namba ya kipuri. Kufananisha cha zamani na kipya kwa macho hakutoshi, na sababu zake zinaeleweka hata kwa asiye fundi.

Tuanze na mdomo wa bomba. Mabomba mengi ya metali katika ndege hizi hupanuliwa mdomo ili uketi barabara juu ya koni ya kiungo. Nati ikikazwa, metali hukandamizwa juu ya metali, na hapo ndipo uvujaji huzuiwa. Viungo vya ndege vya mfumo wa AN, uliowekwa na jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani, vina koni ya digrii 37. Viungo vingi vya namna hii vya magari vina digrii 45. Hatari ni kwamba, kwa bomba la robo inchi, aina zote mbili zina hesi ile ile: kipenyo cha inchi 7/16, meno 20 kwa kila inchi. Nati ya gari itaingia kwenye kiungo cha ndege bila kukwama na itakazika vizuri tu. Ndani, hata hivyo, koni na mdomo vitagusana kwenye ukingo mwembamba. Huenda siku ya kwanza kisivuje hata tone, lakini mtikisiko wa injini utakapouchosha ukingo huo, oili itapata njia.

Viungo vya haidroliki vya matrekta na makatapila vinadanganya zaidi, kwa sababu navyo vina digrii 37 na vinaingiliana na vya ndege. Tofauti ni kwamba hesi zake huruhusiwa ulegevu mkubwa zaidi, wala havikutengenezwa wala kukaguliwa kwa ajili ya ndege.

Ukubwa husomwa katika namba ya kipuri, kwenye namba inayofuata kistari. Namba hiyo huhesabu kipenyo cha nje cha bomba kwa sehemu za 16 za inchi: 4 ni robo inchi, 6 ni inchi 3/8, 8 ni nusu inchi.

Baada ya umbo na ukubwa huja metali. Kwa desturi, kiungo cha AN cha alumini hupakwa rangi ya buluu, na cha chuma hupakwa nyeusi. Rangi isikutulize, maana wauzaji wa vifaa vya magari ya mashindano nao hupaka viungo vyao buluu. Shinikizo la oili katika injini hizi si kubwa, kwa kawaida paundi 60 hadi 90 kwa inchi ya mraba, na alumini ingelihimili bila shida. Kinachoivunja ni mtikisiko wa saa nyingi, na kinachoimaliza kabisa ni moto. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi za Selsiasi, ilhali mwali unaotumika kupima vifaa vya chumba cha injini hufika takriban 1,100. Ndiyo maana mahali palipoandikiwa chuma hapawekwi alumini, hata kama ni nyepesi na inapatikana kwa urahisi.

Kuna jambo jingine ambalo jicho haliwezi kuliona kwa nje. Katika injini nyingi za Lycoming, kiungo kinachopeleka oili kwenye geji ya shinikizo kina tundu lililobanwa makusudi hadi milimita moja hivi. Bomba la geji likikatika angani, oili hutoka kidogo kidogo, na rubani hupata muda wa kutafuta mahali pa kutua. Ukiweka kiungo cha kawaida kinachofanana nacho, injini itafanya kazi na geji itasoma sawasawa, lakini siku bomba litakapokatika, muda ule wa kutua hautakuwepo.

Ufungaji nao una sheria zake. Kiungo cha koni hakiwekwi thredi tepu wala gundi, kwa kuwa kinachozuia uvujaji ni koni, si hesi. Kipande cha tepu kikinyofoka kinaweza kwenda kuziba tundu la kabureta. Dawa ya kuziba ni ya hesi za bomba zinazochongoka, na iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji. Bomba la alumini la robo inchi hukazwa kwa nyutoni-mita 4.5 hadi 7.3 tu, na la chuma kwa 15 hadi 17. Kiungo kikivuja baada ya kufikia kipimo, dawa si kuongeza nguvu. Kifunguliwe na mdomo wa bomba ukaguliwe, kwa sababu kukaza kupita kiasi huukata.

Hatari ya kuchanganya vipuri ilionekana tarehe 24 Agosti 2001: ndege aina ya Airbus A330 ya shirika la Air Transat, ikitoka Toronto kwenda Lisbon na watu 306, iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki na injini zote mbili zikazima. Marubani waliipeleka ikielea hewani hadi kisiwani Terceira, kwenye visiwa vya Azores, na hakuna aliyekufa. Wachunguzi waligundua kuwa wakati wa kubadilisha injini, bomba la haidroliki la toleo la zamani lilifungwa pamoja na bomba la mafuta la toleo jipya. Mabomba hayo yalisuguana hadi la mafuta likapasuka. Kila bomba lilikuwa kipuri halali. Kosa lilikuwa kuyaweka pamoja.

Kwa hiyo, mmiliki wa ndege, ukiambiwa kiungo kinaagizwa ng'ambo na ndege itakaa chini siku kadhaa, usimsukume fundi akatafute kinachofanana nacho kwenye maduka ya vipuri vya magari. Dai namba ya kipuri, dai cheti kinachoonyesha kilikotoka, na kazi isainiwe na mhandisi mwenye leseni. Na wewe mwanafunzi wa urubani, ukiona oili mbichi kwenye kiungo asubuhi unapoikagua ndege, usiifute ukapaa. Mwite mhandisi kwanza.