Dalali na Mambo ya Ndani ya Nyumba

Soko la nyumba la Dar es Salaam huelezwa kwa kawaida kwa kutaja bei, eneo na umbali wa kufika barabara ya lami, lakini dalali, yaani mtu anayewakutanisha mwenye mali na mnunuzi au mpangaji kwa malipo, huletewa kwanza sababu iliyoifanya nyumba iingie sokoni. Mume na mke wametengana, baba amefariki na kuacha watoto wa mama tofauti, marejesho ya mkopo yamelemea, au mgonjwa anatakiwa kusafirishwa kwa matibabu. Mambo kama hayo ndiyo yanayoamua kama mwenye nyumba atavumilia mwaka mzima akingoja bei anayoitaka au atapokea pungufu kabla ya mwisho wa wiki.

Siri hizo zina thamani ya fedha, na hapo ndipo udalali unapokuwa kazi yenye utata. Tangazo humalizika kwa maneno "maongezi yapo", yanayomjulisha kila msomaji kwamba bei inapungua, ilhali maneno "mwenyewe ana shida" hunong'onezwa kwa mteja mwenye fedha mkononi, na anayeyanong'oneza ni yuleyule aliyeaminiwa na muuzaji. Katika upangaji, dalali hulipwa na mpangaji kodi ya mwezi mmoja, juu ya kodi ya miezi sita au mwaka anayotakiwa kuitanguliza kwa mwenye nyumba. Katika mauzo hupewa asilimia ya kupatana, na mara nyingine hujiongezea "cha juu", yaani tofauti kati ya bei aliyoitaja mwenye mali na ile aliyotajiwa mnunuzi. Malipo yote hayo hutegemea biashara kukamilika, kwa hiyo dalali anayemweleza mnunuzi kwamba ndugu wa marehemu hawajaelewana hujinyima riziki kwa kusema kweli.

Ugumu wa urithi huonekana vizuri zaidi katika nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, Ilala au Kariakoo, yenye vyumba vitatu kila upande wa ukumbi na uani nyuma, ambayo kwa miaka mingi imekuwa makazi ya mwenyewe na wakati huohuo chanzo cha kodi ya vyumba. Mwenyewe anapofariki, na mirathi ikagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, mjane aliyeachiwa watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Lakini thumuni ya nyumba yenye vyumba sita haiwezi kuzungushiwa ukuta, kwa hiyo warithi hujikuta kila mmoja anakusanya kodi ya chumba chake, hakuna anayetaka kugharimia paa linalovuja, na hatimaye nyumba huuzwa ili kigawanywe kilicho rahisi kugawanyika. Mwenye mamlaka ya kuuza katika hali hiyo ni msimamizi wa mirathi, yaani mtu aliyeteuliwa na mahakama kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni yake na kugawa kinachobaki. Kaka mkubwa, hata kama ndiye aliyemuuguza baba, hapati mamlaka hayo kwa ukubwa wake wala kwa kikao cha ukoo peke yake.

Kwa upande wa ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinamruhusu mwenzake huyo kuilinda haki yake kwa zuio, ambalo ni tahadhari inayoandikishwa kwa Msajili wa Hati ili mali isihamishwe. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali za ndoa. Kwa hiyo hoja ya muuzaji kwamba nyumba aliijenga kwa mshahara wake na hati ina jina lake tu haipaswi kumtuliza mnunuzi.

Maneno "Nyumba hii haiuzwi", yanayopakwa kwa rangi ukutani katika mitaa mingi ya jiji, mara nyingi ni onyo la mwanafamilia mmoja dhidi ya mwingine, na ni taarifa ya wazi kuliko nyingi zinazotolewa na madalali. Kenya inamtaka wakala wa nyumba asajiliwe chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, wakati dalali wa mtaani Dar es Salaam huanza kazi akiwa na simu na kufahamiana na watu, jambo linalomwachia mnunuzi mzigo wa kuuliza. Aulize muuzaji ana ndoa au la, nani mwingine analala humo, na kodi ya kila chumba hupokelewa na nani. Kwenye eneo lililopimwa afanye upekuzi kwa Msajili, na kwenye makazi yasiyopimwa awaulize majirani dalali akiwa hayupo. Barua ya serikali ya mtaa inayoshuhudia mauziano haichukui nafasi ya saini ya mke au mume, wala ya hati ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi.